Fundo la Msuli Begani mwa Mchumaji Chai

Swali: Je, fundo sugu begani mwa mchumaji chai wa Bomet huweza kulegezwa kwa kubonyezwa?

Jibu: Fundo hilo, yaani sehemu ndogo ya msuli iliyokaza na inayouma ikiguswa, huchochewa na kikapu kizito mgongoni na mikono inayofanya kazi mbele kwa saa nyingi, na maumivu yake huweza kusikika mbali na chanzo, hata kichwani, kama alivyoeleza Janet Travell, daktari wa Rais Kennedy, pamoja na David Simons katika kitabu chao cha 1983. Kulibonyeza kwa kidole gumba kwa sekunde 30 hadi 60, pasipo kuumiza mno, kisha kuunyoosha msuli, huwapa wengi nafuu, ijapokuwa ushahidi wa kitabibu bado ni haba na nafuu yenyewe haidumu mzigo usipopunguzwa. Ganzi au udhaifu wa mkono ni kazi ya daktari, si ya mkandaji.