Maneno matamu hayatoshi

*Mwalimu, kila mtu anasifu lugha yangu. Mbona hadithi yangu mmeirudisha?* (Barua kadhaa, kutoka Kamanyola, Sange na Uvira)

Nawajibu pamoja, maana kosa ni moja: mnadhani aliyejaliwa ulimi amejaliwa yote. Mmoja wenu kaandika aya ya kupendeza kabisa, machweo na ndege weupe, kisha mkondo wa mto Ruzizi unamchukua mvuvi kutoka Uvira hadi Bukavu. Haiwezekani! Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, penye Bukavu, karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, huporomoka magengeni mpaka Kamanyola, hutulia uwandani, kisha huingia Ziwa Tanganyika, karibu na Uvira, kwenye mita 770 hivi. Mwaka 1858 wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Uvira wakitumaini kwamba mto huo unatoka Tanganyika kuelekea Nile. Wenyeji wakawaambia unaingia ziwani. Wageni hao hawakufika mlangoni mwa mto, na wasomi wa Ulaya wakabishana mpaka Novemba 1871, wasafiri Livingstone na Stanley walipokwenda kwa mtumbwi wakauona ukiingia. Burton alikuwa fundi wa kalamu, lakini ufundi wake haukumwonyesha maji yanakokwenda. Basi jueni kwanza: mpunga huvunwa lini, shamba ni la nani, nani hutoza ushuru barabarani. Mapambo baadaye.

*Babu alinisimulia mapigano ya Kamanyola ya Juni 1964. Yanatosha?*

Anza naye, usiishie kwake. Muulize alikuwa wapi siku hiyo, na lipi aliliona kwa macho yake. Mobutu, mkuu wa jeshi aliyekuja kuwa rais, aliyageuza mapigano yale kuwa sifa yake. Hata uwanja mkubwa wa mpira Kinshasa uliitwa Kamanyola mpaka 1997. Mengi yaliyoandikwa enzi zake yalimtukuza. Watafute waliokuwa upande wa waasi waliopigana na jeshi lake, na akina mama waliokimbia na watoto mgongoni.

*Kuna mtu anauza siri za uandishi kwa dola. Nimlipe?*

Usimlipe.

*Nimeambiwa kusoma sana kunaua kipaji.*

Uongo. Soma.

*Naandika juu ya wakimbizi wa Burundi waliopigwa risasi Kamanyola Septemba 2017. Naweza kubuni yaliyokosekana?*

Kwenye riwaya, ndiyo, na jaladani uandike kuwa ni riwaya. Kwenye taarifa, hata neno moja usibuni. Walikufa zaidi ya 30, na ndugu zao wako hai, wanasoma. Kabla hujachapa, mpelekee mmoja wao akusahihishe.