Jinsi Bao la Saketi Litayarishwavyo kwa Mtambo wa Mezani

Mtu akifungua redio, simu au taa ya jua iliyoharibika, huona ndani yake bao jembamba, aghalabu la rangi ya kijani, lililojaa vipande vidogo vidogo. Bao hilo si la mti. Limefanywa kwa nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu, na juu yake pana njia nyembamba za shaba zipitishazo umeme kutoka kipande hata kipande. Hapo zamani vipande viliunganishwa kwa nyaya, waya mmoja mmoja, kwa mkono wa fundi. Paul Eisler, mtu wa Austria aliyehamia Uingereza mwaka 1936, alishika kazi ya kuzitia njia za shaba juu ya bao kwa ufundi ulio jamaa ya uchapaji wa vitabu, na mwaka 1943 aliomba hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake.

Vipande vya siku zile vilikuwa na miguu mirefu iliyopenyezwa katika matundu ya bao. Vingi vya siku hizi havina miguu hiyo. Hukaa juu ya vikao vidogo vya shaba na kushikwa na lehemu. Rezista ya namna itumiwayo sana ina urefu wa milimita 1.6 na upana wa milimita 0.8, yaani ni ndogo kuliko punje ya ufuta. Nyingine ina urefu wa milimita 1 na upana wa nusu milimita tu, na fundi akipiga chafya haitaonekana tena. Ndiyo sababu karakana ndogo, zinazofanya mabao kumi au mia, hutumia mtambo wa kukaa juu ya meza. Mmojawapo ni LumenPnP, ambao michoro yake imetolewa wazi, hata apendaye aweza kujiundia.

Mtambo huo una mkono uendao kushoto na kulia, mbele na nyuma, na mwisho wa mkono pana mrija mwembamba. Mrija hushuka juu ya kipande, hewa huvutwa, nacho hunata. Kisha mkono hukichukua hata juu ya kamera itazamayo juu, ili ijulikane kama kimenata sawa au kimepinda, ndipo hukipeleka mahali pake na kukiacha. Hufanya hivyo mara mia kadhaa kwa saa bila kuchoka. Lakini mtambo haujui redio wala taa. Hutenda yale tu uliyoambiwa, na ukiambiwa vibaya hutenda vibaya kwa bidii ile ile. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi humalizika kabla mkono haujaanza kwenda.

Kazi huanza katika mchoro. Mchoraji hutia penye pembe za bao alama za duara, kila moja yapata milimita 1, za shaba tupu isiyofunikwa na rangi ya kijani, na kuzizungusha nafasi iliyo wazi ili kamera izione upesi. Alama hizo hazipitishi umeme, na mchoraji mgeni huziona kuwa ni pambo. Sivyo hata kidogo. Bao likiwekwa mezani haliwezi kukaa sawasawa kama lilivyochorwa. Litasogea kidogo, au litapinda kidogo. Kwa alama moja mtambo hujua bao limesogea kiasi gani, lakini haujui limepinda kiasi gani. Kwa alama mbili zilizo mbalimbali hujua yote mawili. Tena kupinda kudogo si kudogo: bao lenye urefu wa milimita 100 likipinda nusu digrii tu, mwisho wake wa mbali umehama karibu milimita 0.9, na hiyo yapita upana mzima wa rezista ile ya kwanza. Mchoraji mwerevu huongeza alama ya tatu, naye haziweki kwa ulinganifu, ili bao likigeuzwa mbele nyuma mtambo ukose alama na kusimama.

Pamoja na mchoro hutolewa orodha. Ndani yake kila kipande kina jina lake, umbali wake kwa marefu na kwa mapana, na digrii alizogeuzwa nazo. Hapa pana hatari kubwa kuliko zote, kwa maana sifuri ya mchoraji si lazima iwe sifuri ya kiwanda kilichopanga vipande katika utepe. Chukua bao la taa ya jua. Diodi yake huruhusu umeme kutoka kwenye paneli kuingia betrini mchana, na kuuzuia usirudi usiku. Ikiwekwa kinyume, mchana betri haijazwi, na usiku kidogo kilichomo chaweza kuvuja. Fundi wa mkono akikosea hivyo hukosea bao moja, na penye la pili huenda akagutuka. Mtambo utafanya mabao sitini, yote yamependeza, wala hakuna taa itakayowaka. Kwa hiyo bao la kwanza hufunikwa utepe wenye gundi pande mbili, bila lehemu, na mtambo huamriwa kuweka vipande vyote juu yake. Fundi huvitazama kimoja kimoja kwa kioo cha kukuza, akilinganisha na mchoro.

Vipande vidogo huja katika tepe zenye upana wa milimita 8, zimetobolewa matundu ukingoni kila baada ya milimita 4, ili gurudumu la meno lizivute. Kila utepe una kikalio chake. Kosa la hapa ni kubadilisha tepe mbili, na kapasita za kauri ndizo zenye hila, kwa kuwa hazina maandishi mwilini. Mbili zenye nguvu zilizo mbalimbali kabisa hufanana kama mapacha, na zikiisha kuwekwa hakuna jicho litakalozitenga. Hivyo jina huandikwa juu ya utepe wenyewe siku unapokatwa, si juu ya mfuko tu.

Lehemu ya kazi hii ni uji mzito, wenye chembe za madini zilizochanganywa na dawa ya kusafisha shaba. Huhifadhiwa katika baridi, na siku ya kazi kopo huachwa limefungwa kwa saa kadhaa lipate joto la chumba. Likifunguliwa lingali baridi, umande utaingia, na tanurini utarusha matone. Bamba la chuma lenye unene wa milimita 0.12 hivi, lililotobolewa mahali pa kila kikao, hulazwa juu ya bao, na uji hukokotwa juu yake kwa kisu bapa mara moja, bila kusita. Bamba likiisha inuliwa, kila kikao kina tofali lake dogo. Matofali yakiungana, au likipungua moja, bao hupanguswa kwa spiriti na kazi huanza tena. Kufanya hivyo huchukua dakika tano. Kurekebisha baada ya moto huchukua jioni nzima.

Bao hukazwa mezani na kutegemezwa kwa chini. Likiachwa linaning'inia katikati, hubonyea mrija ugusapo na kuruka uinukapo, na vipande vilivyokwisha kuwekwa huhama. Hapo ndipo mtambo huachiwa kwenda.

Baada ya kupangwa, mabao huingia tanurini. Lehemu ya zamani yenye bati 63 na risasi 37 katika mia huyeyuka kwa digrii 183. Ile isiyo na risasi, ya bati na fedha kidogo na shaba kidogo, huanza kuyeyuka kwa digrii 217. Ikiyeyuka huvuta vipande vilivyohama kidogo, vikarudi katikati ya vikao vyao. Huonekana vikijinyosha vyenyewe kama watu wapangao mstari. Lakini diodi iliyogeuzwa haigeuki. Bao likiisha poa, fundi hulitazama tena kwa kioo, kisha huliunganisha na chombo kinachopimia umeme na kuuzuia usizidi kiasi alichoweka. Kama mshale haukuruka, huondoa bao la kwanza na kukaza la pili.