Gari Linalojiendesha: Mambo ya Kujua kwa Mwenye Gari Kwa Vonza

Kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui, pale sokoni Kwa Vonza, bado hakuna gari linalopita bila mtu kwenye usukani. Hata hivyo, teknolojia hiyo imeanza kufika, tena kimyakimya, ndani ya magari ya mitumba kutoka Japani.

Imefikaje?

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka 8. Japani nayo, tangu Novemba 2021, inataka aina mpya za magari madogo zinazozinduliwa nchini humo ziwe na breki zinazojifunga zenyewe. Kwa hiyo kadiri miaka inavyosonga, ndivyo magari yenye mifumo hiyo yanavyozidi kushushwa Mombasa.

Tazama kioo cha mbele cha Subaru yenye mfumo wa EyeSight. Juu, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, kuna kamera mbili. Hupima umbali wa kilicho mbele. Dereva akichelewa, gari hulia, kisha hushika breki.

Huo ni msaada tu. Wataalamu hupanga uwezo wa magari kuanzia kiwango cha 0 hadi cha 5, na mengi ya mitumba yenye mifumo hii hayavuki kiwango cha 2, ambapo dereva hapaswi kuondoa macho barabarani. Teksi za Waymo, zinazobeba abiria bila dereva mjini Phoenix, Marekani, tangu 2020, ziko kiwango cha 4: hujiendesha, lakini ndani ya eneo zililopangiwa tu.

Madereva wanasemaje?

Huko huko Marekani, chama cha wenye magari cha AAA kiliuliza madereva mwaka 2025. Sita katika kila kumi walisema wangeogopa kupanda gari linalojiendesha. Waliokuwa tayari kuliamini walikuwa asilimia 13 pekee.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua Elaine Herzberg, aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akisukuma baiskeli. Mitambo ilimwona, ikashindwa kutambua ni nini. Msimamizi aliyekuwa ndani hakuwa akitazama mbele.

Wanaoitetea teknolojia hii nao wana hoja: mashine hailewi wala haisinzii, na barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka.

Kitui ina mambo yake

Ili kulisaidia gari kubaki kwenye njia yake, kamera hutegemea mistari iliyochorwa kwenye lami. Ukiacha lami na kushika njia ya vumbi, mistari hakuna, ila punda wenye mitungi ya maji, mbuzi na bodaboda inayochomoza kichakani. Desemba 2021, basi lililojaribu kuvuka mto Enziu uliofurika, karibu na Mwingi, lilizama na zaidi ya watu 30 wakafa. Kamera ya gari haipimi kina cha maji ya tope.

Kabla ya kuwasha gari

Maonyo yakiwa kwa Kijapani, tafuta anayeweza kukutafsiria taa na vitufe vyote. Futa tope na vumbi mbele ya kamera. Kioo cha mbele kikibadilishwa, mtake fundi apime na kurekebisha kamera upya. Ikiwa hana vifaa vya kazi hiyo, gari lipelekwe kwa aliye navyo kabla ya safari ndefu.