Jembe la Mgeni: Ziara za Wanafunzi katika Shule za Msingi za Japani na Funzo Lake kwa Wana-Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa onyo kwa mgeni mvivu. Makala haya yanaitazama kwa jicho tofauti. Tunashikilia kuwa jembe ni heshima, kwa sababu anayekabidhiwa jembe amekwisha kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Dai hili tunalipima kwa kuchunguza ziara za mabadilishano ambazo vikundi vya wanafunzi wa kigeni hufanya katika shule za msingi za Japani. Kisha tunauliza: je, mwenye kuienzi lugha ya Kiswahili ana nini cha kujifunza hapo?

Usuli wa ziara hizi

Shule ya msingi ya Japani, yaani shogakko, huwa na madarasa sita, na mwaka wake wa masomo huanza mwezi wa Aprili. Kuwapokea wageni si jambo la pumbao tu katika shule hizo. Mji wa Nagano ulipoandaa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi mwaka wa 1998, shule zake ziliendesha mpango wa “shule moja, nchi moja”. Kila shule ilioanishwa na nchi mshiriki, wanafunzi wakajifunza maamkizi na utamaduni wa nchi hiyo. Aidha, tangu mwaka wa 2002 mtaala wa shule za msingi umekuwa na kipindi cha masomo jumuishi kuanzia darasa la tatu, na uelewano wa kimataifa ni mojawapo ya mada zinazoweza kushughulikiwa humo.

Kutoka jukwaani hadi kwenye fagio

Kwa kawaida, ziara hufunguliwa ukumbini kwa hotuba, nyimbo na zawadi. Hapo mgeni angali mgeni: yu mbele ya watu, anatazamwa na kupigiwa makofi. Sherehe ya namna hii ina utu wake, lakini pia ina mpaka wake, kwani humdhihirisha mgeni kwa kile kinachomtofautisha na mwenyeji.

Mpaka huo huanza kubomoka katika mambo madogo. Mlangoni mgeni huvua viatu vya nje na kuvaa vya ndani, sawa na mwenyeji wake. Saa ya chamcha ikiwadia, hakuna mkahawa wa kukimbilia. Wanafunzi wa zamu huvaa aproni na kofia nyeupe, wakaleta chakula darasani na kuwapakulia wenzao. Mwalimu naye hula papo hapo. Utaratibu huu una mizizi katika Sheria ya Chamcha Shuleni ya mwaka wa 1954, na huhesabiwa kuwa sehemu ya elimu. Kabla ya kula, wote hutamka “itadakimasu”, neno la kupokea kwa unyenyekevu. Mgeni asiyejua Kijapani hulijifunza akiwa na bakuli mbele yake, na halihitaji mkalimani.

Baadaye hufuata usafi. Kwa muda wa takriban dakika 15 au 20, wanafunzi hufagia madarasa na kupiga deki varanda kwa matambara. Mgeni anayepewa tambara hapo amepewa jembe, tena bila ya kungojea siku ya tatu. Ni rahisi kumsahau mtoto aliyekuimbia, lakini si rahisi kumsahau aliyeinama nawe sakafuni.

Jembe la lugha

Hata hivyo, kazi peke yake haitoshi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni amekuja mikono mitupu. Tangu mwaka wa 2020, Kiingereza kimekuwa somo rasmi katika darasa la tano na la sita nchini Japani. Kwa hiyo, ni rahisi mgeni yeyote kuchukuliwa kuwa chombo cha kufanyia mazoezi ya Kiingereza. Kikundi cha wanafunzi wa Kenya kikifunga safari na lugha hiyo pekee, kitakuwa kimepeleka mali ya watu wengine na kuiacha yake nyumbani.

Kiswahili hakina ugumu mkubwa kwa kinywa cha mtoto wa Kijapani. Lugha zote mbili zina irabu tano, na silabi wazi zimetawala katika zote. Neno “rafiki” huandikika kwa hati ya katakana bila taabu. Hata ukopaji una mkondo mmoja: shati letu kwao ni “shatsu”, basi ni “basu”, hoteli ni “hoteru”. Wareno waliofika pwani yetu mwaka wa 1498 na Japani mwaka wa 1543 walituachia “meza”, wao wakawaachia “pan”, yaani mkate.

Palipo na tofauti pana somo pia. Kijapani hakitofautishi /l/ na /r/. Hivyo kalamu na karamu huweza kuwa neno moja, tatizo ambalo mwalimu yeyote humu nchini analifahamu. “Mtoto” naye hugeuka “mutoto”, matamshi yasiyo mageni kwa Waswahili wa Kongo.

Hitimisho

Tunapendekeza kwamba wanaoandaa ziara za aina hii watenge muda wa kazi ya pamoja kabla ya muda wa maonyesho, na kwamba kila mwanafunzi aende na maneno kumi ya Kiswahili atakayomfunza mwenzake wakati wa chamcha au wa kufagia. Kiswahili hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Osaka; hakuna sababu ya kutosikika katika darasa la nne la shule ya msingi. Ni jukumu la vyama vyetu vya Kiswahili kuandaa orodha hizo za maneno, na kazi hiyo haingojei nauli ya ndege.