SOMO LA SOKO: Mfumo wa tovuti na gharama ya kuhama

Mfumo wa kusimamia maudhui ya tovuti ni programu inayomwezesha mfanyakazi wa kawaida, asiyejua lugha za kompyuta, kuweka habari, bei, fomu na picha kwenye tovuti ya shirika lake. Aidha, humwezesha mkuu wake kuzikubali au kuzikataa kabla umma haujaziona. Mwenye duka la kurasa tano hana haja ya kuumiza kichwa. WordPress, iliyotolewa mwaka 2003 na isiyotozwa ada ya leseni, inamtosha. Shida huanza kwa shirika lenye maelfu ya kurasa, lugha mbili au tatu, na idara kumi zinazogombea ukurasa wa mbele.

Mwekezaji mdogo anaweza kuuliza jambo hili linamhusu nini. Linamhusu kwa njia mbili. Huenda ana hisa katika kampuni inayonunua mfumo kama huo, au katika kampuni inayouuza. Gharama ya mnunuzi kuachana na mfumo aliokwisha kuuzoea ni mzigo katika vitabu vya mnunuzi, na ndiyo pato la uhakika katika vitabu vya muuzaji. Historia ya soko hili kwa miaka 25 iliyopita imejengwa juu ya jambo hilo moja.

Chukua kampuni ya Vignette ya Austin, Texas, iliyoanzishwa mwaka 1995. Programu yake kuu, StoryServer, ilitokana na kazi iliyofanywa na kampuni ya habari ya CNET kwa ajili ya tovuti zake yenyewe. Mwezi Februari 1999 hisa za Vignette ziliuzwa kwa umma kwa dola 19 kila moja, na siku hiyo hiyo zilifunga zikiwa zimezidi mara mbili ya bei hiyo. Mwaka 2000 kampuni hiyo ilitangaza kuinunua OnDisplay kwa hisa zilizokadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 1.7. Miaka tisa baadaye, mwaka 2009, Vignette yenyewe, pamoja na vyote ilivyokuwa imenunua, iliuzwa kwa Open Text ya Canada kwa takriban dola milioni 310.

Je, bidhaa ilikuwa mbovu? La hasha. Mashirika makubwa yaliitumia kwa miaka mingi. Tatizo lilikuwa katika aina ya pato. Sehemu kubwa ya ukuaji wa Vignette ilitokana na leseni mpya, yaani pesa inayoingia mara moja tu mteja anaponunua. Mashirika yalipofunga mifuko kuanzia mwaka 2001, pato hilo lilikauka. Kilichobaki ni ada ya matengenezo, ambayo katika biashara ya programu kwa kawaida hukaribia sehemu moja ya tano ya bei ya leseni kila mwaka. Wateja waliendelea kuilipa kwa sababu kuhama kungewagharimu zaidi.

Mfano wa pili ni TeamSite, programu ya Interwoven ya California, kampuni iliyoingia soko la hisa Oktoba 1999. Mwaka 2009 Interwoven ilinunuliwa na Autonomy ya Uingereza kwa takriban dola milioni 775. Mwaka 2011 Autonomy nayo ikanunuliwa na Hewlett-Packard kwa takriban dola bilioni 11. Mwaka 2015 Hewlett-Packard ikagawanyika, TeamSite ikaangukia upande wa HP Inc. Mwaka 2016 HP Inc. ikaiuza kwa OpenText, pamoja na programu nyingine kadhaa, kwa takriban dola milioni 170. Shirika lililochagua TeamSite mwaka 2005 baada ya zabuni ndefu lilijikuta likipokea ankara zenye nembo mpya kila baada ya miaka michache, bila kuulizwa.

Hapa ndipo kamati nyingi za zabuni hupotea. Huandaa orodha ndefu ya mambo ambayo programu inapaswa kuyafanya, na kila muuzaji huweka alama ya ndiyo kila mahali. Maonyesho ya muuzaji hupendeza, kwa kuwa hufanywa na watu wake, kwa kurasa zake, kwenye kompyuta zake. Maswali yenye uzito ni mengine. Maudhui yakihitajika kuondoka, yatatoka katika umbo gani? Ni mafundi wangapi katika mji huo wanaoijua programu hiyo, mbali na wale wa muuzaji? Kurasa za StoryServer, kwa mfano, ziliandikwa kwa lugha iitwayo Tcl, lugha ambayo mafundi wa tovuti wengi hawakuifuata, wakakimbilia Java na PHP. Kila mwaka uliopita uliongeza bei ya fundi na bei ya kuhama.

Liko pia suala la sarafu, ambalo wauzaji hawapendi kulizungumza. Shirika la Afrika Mashariki linalokusanya shilingi na kulipia leseni kwa dola limejitwika hatari ya kubadilishana fedha kwa muda wote wa mkataba. Shilingi ikishuka, ada ya matengenezo hupanda hata kama muuzaji hakuongeza senti.

Programu huria ni njia nyingine. Ikulu ya Marekani ilihamishia tovuti yake kwenye Drupal mwaka 2009, kisha kwenye WordPress mwaka 2017. Zote mbili hazina ada ya leseni. Hata hivyo, asidhani mtu kwamba huko hakuna gharama ya kuhama. Drupal 7 ilitolewa Januari 2011, na Drupal 8 Novemba 2015 ikiwa imejengwa juu ya msingi tofauti kabisa, hivi kwamba kwa mashirika mengi kuvuka kutoka moja kwenda nyingine kulikuwa sawa na kujenga tovuti upya. Mwisho wa kuihudumia Drupal 7 uliahirishwa mara kadhaa hadi tarehe 5 Januari 2025, ishara tosha kwamba watumiaji wengi walikuwa hawajahama. Tofauti ni kwamba programu huria haiwezi kuuzwa juu ya kichwa cha mtumiaji, na fundi yeyote ana ruhusa ya kuitengeneza. Faida ya soko hilo iko katika huduma. Acquia, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2007 na mwasisi wa Drupal, Dries Buytaert, na mwenzake, ilithaminiwa kuwa dola bilioni 1 ilipochukuliwa na Vista Equity Partners mwaka 2019. Mwekezaji mdogo hakupata nafasi hapo, kwani hisa zake hazikuwa sokoni.

Kuchagua ni nusu ya kazi, na pengine nusu ndogo. Uingereza ilipofungua GOV.UK tarehe 17 Oktoba 2012, kuchukua nafasi ya tovuti za Directgov na Business Link, kazi nzito haikuwa programu. Ilikuwa kuamua kurasa zipi zife. Wizara zilifuata, kisha mashirika ya serikali zaidi ya 300 hadi mwisho wa mwaka 2014, na maandishi mengi ya zamani hayakuhamishwa hata kidogo. Yaliandikwa upya kwa kufuata kile ambacho mwananchi anakuja kukitafuta. Programu zenyewe zilijengwa na watumishi wa serikali. Benki yenye mafundi watatu haifai kuiga ujenzi huo, kwa kuwa Uingereza ilikuwa na kikosi cha kudumu chenye mamlaka kutoka ofisi kuu ya Baraza la Mawaziri. Usafishaji wa kurasa ndio unaofaa kuigwa, tena kabla ya zabuni kutangazwa, maana tovuti iliyopungua huwa nafuu kuihamisha.

Pasipo hayo, mfumo hununuliwa na hautumiki. Wafanyakazi huendelea kumtumia fundi mmoja barua pepe, "tafadhali weka hii," naye akienda likizo tovuti hulala. Mwenye hisa anaweza kupima mwenyewe bila kulipa mtaalamu: afungue ukurasa wa wawekezaji wa kampuni yake na kutazama tarehe ya taarifa ya mwisho. Ikiwa ni ya mwaka juzi, ana swali la kuuliza kwenye mkutano mkuu.

Kuhusu hesabu za mwaka, kampuni zilizoorodheshwa Dar es Salaam na Nairobi hufuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha. Kwa viwango hivyo gharama za kupanga tovuti huhesabiwa kuwa matumizi ya mwaka ule ule, ilhali baadhi ya gharama za kuijenga zaweza kuwekwa kama mali na kupunguzwa kidogo kidogo. Mwezi Aprili 2021 kamati ya tafsiri ya viwango hivyo ilitoa uamuzi kuhusu programu zinazokodishwa na kukaa kwenye kompyuta za muuzaji: mara nyingi gharama za kuzirekebisha zikidhi mahitaji ya mteja si mali, ni matumizi. Kwa hiyo kampuni inayohamia mfumo wa kukodi inaweza kuonyesha faida iliyopungua mwaka wa kwanza bila biashara yake kuharibika. Kinyume chake, kampuni yenye programu za thamani kubwa upande wa mali inaweza kulazimika kuzifuta siku moja. Hewlett-Packard ilipunguza thamani ya mali zake kwa dola bilioni 8.8 Novemba 2012, sehemu kubwa ikitokana na Autonomy. Kampuni hiyo ilidai kudanganywa katika hesabu. Mahakama ya Uingereza iliipa ushindi kwa sehemu kubwa mwaka 2022, na baraza la wazee wa mahakama San Francisco likamwachia huru mwanzilishi wa Autonomy Juni 2024. Wenye hisa walikuwa wamekwisha kulipa.

Msomaji atakuwa ameona kwamba Vignette na TeamSite ziliishia mikononi mwa mmoja. OpenText, ambayo hisa zake ziko Nasdaq na Toronto, imejenga biashara kwa kununua programu zilizokomaa ambazo wateja wake hawaondoki upesi, kisha kukusanya ada za kila mwaka. Njia hiyo huleta fedha taslimu, lakini wateja wa zamani hupungua polepole, na pengo huzibwa kwa ununuzi mwingine. Januari 2023 ilikamilisha ununuzi wa Micro Focus kwa takriban dola bilioni 6 pamoja na madeni, na Mei 2024 ikauza kitengo kimoja kilichotokana na ununuzi huo kwa Rocket Software kwa dola bilioni 2.275 ili kupunguza deni. Anayetaka kuipima kampuni ya aina hii aanzie kwenye mstari wa ada za huduma kwa wateja katika taarifa ya robo mwaka, auondolee pato lililonunuliwa, ndipo aulinganishe na robo kama hiyo ya mwaka uliotangulia.