Rangi ya chumba cha watoto



Mtoto akifika miaka 10 ao 12 huanza kutaka pahali pake. Anaomba rangi anayoipenda, ubao wa kuwekea vitabu, pazia la kumtenga na wadogo zake. Ni ombi jema. Lakini kazi hii ya siku ya mapumziko inaweza kuingiza sumu nyumbani. Tujifunze namna ya kuifanya vema.

1. Rangi ya atelie ibaki atelie

Kopo lililobaki kazini linavuta macho: rangi yake ni ngumu, tena hailipiwi. Lakini ilifanywa kwa ajili ya vyuma. Minium, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, inatengenezwa kwa risasi (plomb). Risasi ikiingia mwilini inaharibu damu na ubongo. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake unaifyonza mara 4 ao 5 kuliko mwili wa mtu mkubwa. Anachelewa kujifunza, na ubongo ulioharibika hauponi. Mkataba wa kimataifa wa kazi uliofanywa Geneva mwaka 1921 unakataza rangi nyeupe ya risasi ndani ya nyumba za watu.

Nunua rangi ya maji, yenye kopo lililoandikwa kwamba haina risasi. Chokaa nayo ni nzuri, na bei yake ni ndogo. Lakini inaunguza macho. Vaa miwani unapoikoroga. Ikikurukia, osha jicho kwa maji mengi dakika 15, kisha uende dispensari.

2. Rangi ya zamani

Katika nyumba za zamani, rangi ya chini inaweza kuwa na risasi. Usiikwangue ikiwa kavu, wala usiichome moto: vumbi na moshi wake ndio hatari. Kama imeshika vizuri, osha ukuta kwa sabuni, ukikauka upake juu yake. Kama inabanduka, ilowanishe kwanza, kisha ukwangue polepole. Pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, usifagie. Watoto na mama mwenye mimba wakae mbali mpaka usafi umalizike. Aliyekwangua aoge na kubadili nguo kabla ya kula.

3. Wakati wa kupaka

– Fungua mlango na madirisha. Sigara na mbabula zibaki nje.
– Kata umeme kabla ya kuosha ukuta karibu na swichi.
– Simama juu ya ngazi iliyo imara, si juu ya kiti kilichowekwa juu ya meza.
– Petroli ya kusafishia burashi usiitie katika chupa ya bia ao ya limonadi. Mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa.
– Mtoto asilale humo mpaka rangi ikauke na harufu iishe.

4. Mtoto achague

Kukwangua si kazi yake. Kuchagua ni haki yake. Mshauri achukue rangi nyepesi, kwa sababu inaongeza mwanga wa kusomea. Chini, kwa kimo cha metre moja, paka rangi nzito kidogo inayoficha alama za mikono. Ubao wa vitabu usitundikwe juu ya kichwa cha kitanda.

Kabla ya kufungua kopo, jiulize: Rangi hii imetoka wapi? Vumbi litakwenda wapi? Watoto wako wapi?

Chumba kizuri ni kile ambamo mtoto analala na kuamka mzima.