MSITU, MIWA NA MAJI: FUNZO KUTOKA MABIRA

Mwaka 2006 serikali ya Uganda ilikusudia kutoa hekta 7,100 za Msitu wa Hifadhi wa Mabira, yaani karibu robo ya msitu wote, kwa kampuni ya sukari ya Lugazi ili ipanue mashamba ya miwa. Aprili 2007 watu waliandamana Kampala kuupinga mpango huo, na baadhi yao wakapoteza maisha. Mwaka huo huo mpango uliwekwa kando; mwaka 2011 ukafufuliwa, ukapingwa tena.

Waliouunga mkono walitaja sukari na ajira, mambo yasiyofaa kudharauliwa. Lakini mwanafunzi wa sayansi yampasa kuuliza: ikiwa miwa nayo ni mimea ya kijani, kwa nini isishike nafasi ya msitu katika kuhifadhi maji?

Kazi ya msitu

Wengi hudhani kuwa matawi ndiyo yanayoukinga udongo. Kwa kweli tone linalodondoka kutoka tawi la juu sana hupata tena mwendo wake. Kinga kubwa zaidi ni tandiko la majani makavu lililo chini. Tandiko hilo huivunja nguvu ya tone, nayo mashimo ya mizizi na ya minyoo huyapitisha maji ardhini. Maji hayo husafiri polepole, yakatokeza katika chemchemi hata baada ya mvua kwisha. Tukumbuke kwamba miti nayo hunywa maji mengi. Kwa hiyo faida ya msitu si kuongeza maji mtoni, bali ni kuyasafisha na kuyagawa kwa majira yote.

Kazi ya shamba kubwa

Shamba la miwa hulimwa, na udongo hukaa wazi mpaka majani yafunike. Mashine nzito huushindilia. Mahali pengi majani huchomwa kabla ya kuvuna, tandiko likatoweka. Basi maji hutiririka juu ya ardhi, yakachukua udongo pamoja na mbolea. Naitrojeni na fosforasi zikifika ziwani hulisha mwani. Mwani ukifa na kuoza, oksijeni hupungua majini na samaki hukosa hewa.

Mfano wa Muleba

Mkulima wa Buganguzi anayetandaza nyasi katika kibanja chake cha migomba anafanya kazi ile ile ya tandiko la msitu. Rweya iliyochomwa moto huwa kinyume chake. Yanayotendeka mlimani hayaishii mlimani: Mto Kagera, ulio mkubwa kuliko mito yote inayoingia Ziwa Victoria, hukusanya maji ya nchi nne. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ya Tanzania inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji.

Jaribio

Chukua masanduku mawili yenye udongo wa aina moja, uyainamishe sawasawa. Moja lifunike kwa nyasi kavu, jingine liache wazi. Mwagia kila moja lita 2 za maji kwa kopo lenye matundu, ukinge yanayotiririka.

1. Maji ya sanduku lipi ni mengi zaidi, na yapi ni machafu zaidi?
2. Sanduku lipi liliendelea kudondosha maji kwa muda mrefu?
3. Katika hesabu ya faida ya shamba jipya, hasara ya chemchemi iandikwe wapi, na ailipe nani?